Wembe wa Ng'ambo ya Mto

"Mpisheni Mama Injinia achote, jamani, ana mgeni nyumbani!"

Aliyesema hivyo alikuwa Bibiana, muuza vitumbua wa Lipangalala ambaye mdomo wake haujui kupumzika. Wanawake waliokuwa kwenye foleni ya bomba wakasogeza ndoo zao huku wakicheka, na Tekla akapita mbele. Alipita kwa aibu kidogo, hilo tumpe haki yake, lakini alipita. Akatega ndoo yake mbele ya ndoo ya Kandida, mke wa kaka wa mume wake, aliyekuwa ameshika foleni tangu jua halijachomoza.

"Dada, samahani," Tekla alisema. "Fide kaja jana na treni, hata maji ya kuoga hana."

"Chota tu, mdogo wangu," Kandida alijibu. "Maji ni ya wote."

Tuseme ukweli bila kuzungukazunguka: Kandida alikuwa na wivu. Na wivu wake haukuwa wa kanga wala wa bati la nyumba. Ulikuwa wa mtoto, na huo ndio mbaya kuliko yote. Beatus wake na Fidelis wa Tekla walizaliwa mwaka mmoja, wakanyonyeshwa kwa kupokezana mama mmoja alipokwenda shamba, wakakaa dawati moja mpaka kidato cha nne. Matokeo yalipotoka Beatus aliambulia patupu, na sasa alikuwa anaziba pancha za baiskeli chini ya turubai kule Mlabani. Fidelis alichaguliwa kidato cha tano, shule ya ufundi, mbali huko nyanda za juu, akasome sayansi ya uhandisi. Mwaka huo wa tisini na tano hakukuwa na mtoto mwingine wa mtaa ule aliyewahi hata kulisikia somo lenyewe. Tangu siku hiyo Tekla akaacha kuitwa Mama Fide.

Kandida naye alikuwa mtu mwenye jina lake. Alikuwa mwenyekiti wa akina mama wa kigango, ndiye aliyetunza funguo za kabati la vitambaa vya altare, na penye msiba hakuna sufuria lililotengwa jikoni kabla yeye hajaulizwa. Na bado asubuhi ile alisimama na ndoo tupu akiitazama ya mwenzake inajaa. "Na ipasuke," aliwaza, akimaanisha ndoo, halafu akashtuka mwenyewe na kufanya ishara ya msalaba. Ndoo haikupasuka. Tekla alijitwisha, akaaga vizuri, akaondoka.

Ndugu hawa wawili, Fulgensi mume wa Kandida na Kelestini mume wa Tekla, walijenga nyumba zao zikitazamana, uwanja mmoja katikati. Kwa hiyo hakuna mlo uliopikwa upande huu ambao harufu yake haikufika upande wa pili, wala maringo ambayo hayakusikika.

Jioni hiyo maringo yalikuwa ya Kelestini. Alikuwa fundi mwashi, na maisha yake yote alikuwa amefokewa na mainjinia: injinia wa barabara, injinia wa majengo ya misheni, injinia mmoja kijana kabisa aliyeipiga teke ndoo yake ya zege mbele ya vibarua. Siku ile ya teke aliapa kwamba na yeye atazaa wa kufokea wenzake. Sasa alikuwa amemkalisha Fidelis kwenye kiti chenye mikono, na jirani yao mzee Raimundi ameitwa makusudi aje asikie.

"Fide, mweleze mzee hiyo sayansi ya uhandisi ni kitu gani."

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, baba. Eleza."

"Ni kama fizikia, mzee, ila inatumika kwenye kazi," Fidelis alianza taratibu. "Unasoma nguvu. Boriti ukiibebesha mzigo, unatafuta itapinda wapi, itavunjika wapi. Unasoma na pampu, na injini, na..."

"Kwa hiyo utatujengea daraja pale kivukoni? Maana hilo pantoni linatuzeesha."

"Bado, mzee."

"Bado nini!" Kelestini akadakia. "Anazo hesabu zote kichwani huyu. Lete kitabu, mwanangu. Lete na ule ubao wa kuchorea, mzee auone."

Ubao ukaletwa, na rula yake ndefu yenye umbo la T, na kitabu kinene chenye jalada la kijivu. Raimundi akaupapasa ubao kwa heshima. Kelestini akafungua kitabu mwenyewe, penye mchoro wa daraja lenye mishale juu na chini, akamwekea mwanawe mapajani. "Haya. Mwambie mzee hiyo mishale inasema nini."

Fidelis aliitazama ile mishale. Alisoma mstari mmoja wa Kiingereza, akasita, akarudia uleule. Jasho likamtoka puani. Halafu akafunga kitabu akajishika utosi kwa mikono miwili.

"Baba, kichwa."

"Kichwa kimefanya nini?"

"Kinauma. Kila nikifungua hiki kitabu kinauma. Hata shuleni."

Upande wa pili wa uwanja Kandida alikuwa anapepeta mchele. Aliacha ungo ukatulia. Alimwona Tekla anatoka jikoni mbio na mwiko mkononi, akaona uso wa Kelestini unavyobadilika mbele ya mgeni, na kitu kitamu kikampita moyoni. Hakukikaribisha, lakini hakukifukuza pia. Akaendelea kupepeta.

Walimpeleka Fidelis hospitali, akatobolewa kidole, malaria hakuna. Wakampima macho, macho mazima. Akapewa vidonge vyeupe, akameza, akarudi nyumbani akafungua kitabu cha kijivu, kichwa kikauma palepale. Tekla akawa hali chakula vizuri.

Kandida aliona jambo ambalo wengine hawakuliona, kwa sababu mwenye wivu hutazama kuliko anayependa. Aliona kwamba Fidelis akijilaza kwenye mkeka na kitabu cha historia anaweza kusoma mpaka jua linazama, hana shida. Magazeti makuukuu ya kufungia sukari aliyasoma yote, na ya kwenye choo pia. Siku moja aliwakusanya watoto wa jirani akawasimulia vita vya Maji Maji vilivyopita Mahenge, mpaka mama zao wakasimama kusikiliza. Kichwa hakikumuuma hata kidogo. Kandida alinyamaza, maana hakuna aliyemwuliza.

Bibiana ndiye aliyelisema neno lenyewe, siku alipoleta vitumbua. "Mama Injinia, hospitali mtakwenda mpaka lini? Kichwa kinachochagua kitabu hicho si cha hospitali. Mtoto wako kafungwa. Kuna mtu."

Jumapili baada ya misa Kelestini akaomba kikao cha familia pale uwanjani. Hapakuwa na watu wengi: yeye na Tekla, Fulgensi na Kandida, mzee Raimundi kama shahidi. Fidelis na Beatus waliambiwa wakae pembeni wasikilize.

"Shemeji," Kelestini alianza, akikwepa macho ya Kandida, "sisi hatumtaji mtu."

"Kama hammtaji mtu, mbona mmenipa kiti mimi peke yangu huku?"

"Tunaomba tuvuke mto tukanyolewe. Ndiyo desturi yetu ya siku zote, wembe huondoa uchawi. Anayeshuku ananyolewa, anayeshukiwa ananyolewa, na mgonjwa ananyolewa. Mkirudi hakuna wa kumnyooshea mwenzake kidole."

Ng'ambo, upande wa Ulanga, alikuwako mnyoaji mmoja aitwaye Hermenegildi. Watu wa bonde walimwendea wakishukiana uchawi, wakarudi na vichwa vyeupe na mambo yameisha. Ndivyo ilivyokuwa. Lakini padri naye alikuwa ameshalisemea jambo hilo altareni: atakayevuka kwenda kunyolewa, komunyo asiisogelee mpaka atubu mbele ya kigango, na uongozi asahau. Kila mtu pale uwanjani alilijua hilo, na Kandida zaidi ya wote.

"Tekla," Kandida alisema, "unaniona mimi mchawi?"

"Dada, sijasema mchawi." Tekla alikuwa anafuta machozi kwa ncha ya kanga. "Nimeona macho yako tu. Siku ile bombani niliyaona. Na mwezi wa saba Fide anaondoka, mtaa mzima ulikuja stesheni, wewe ukasema mgongo."

"Kwa hiyo macho yangu yalipanda treni yakaenda mpaka shuleni kumuuma mtoto kichwa? Makubwa haya!"

Alisema kwa ukali, ila mgongo ulimchoma kweli aliposikia. Siku ile hakuumwa na chochote. Alijifungia ndani akalia mpaka mto ukalowa, kwa sababu Beatus ndiye aliyelibeba sanduku la mwenzake mpaka stesheni, tena akiimba.

Alimgeukia mumewe. Fulgensi alikuwa mtu mwema, asiyependa kelele, na watu wa aina hiyo huwaponza wake zao. "Baba Beatus, huna la kusema?"

"Nenda tu, mama, yaishe," Fulgensi alisema, akichora chini kwa kidole cha mguu. "Nywele zitaota."

"Nywele zitaota! Na funguo za kanisa nazo zitaota?"

Mzee Raimundi akapendekeza Kandida apewe nafasi afikiri, ila jibu lipatikane kabla Fidelis hajarudi shule. Wakakubaliana Alhamisi jioni. Kandida alipoinuka, Beatus alimfuata akamwambia kwa sauti ya chini, "Mama, mimi najua hujamfanya kitu Fide." Kandida hakumtazama. Mtoto huyu, hata wivu wa kumsukuma mbele hana, alifikiri, na akazidi kukasirika.

Jumatano walikuwa shambani Katindiuka, mvua za kwanza zimelainisha ardhi na wanasia mpunga. Beatus alikuwa kazini kwake Mlabani, kwa hiyo Fidelis alikuja kumsaidia mama yake mkubwa, kama ilivyo desturi. Walifukia mbegu mpaka jua likawa juu. Halafu Kandida akasimamisha jembe.

"Fide, mimi ni mama yako mkubwa, nimekunyonyesha kwa titi hili. Nitazame. Kichwa kinakuuma?"

Kijana aliweka jembe chini. Halafu akapiga magoti palepale kwenye tope.

"Siumwi, mama mkubwa."

"Unasema?"

"Siumwi. Hakijawahi kuniuma. Lile somo limenishinda."

Ikamtoka yote kwa mkupuo. Wenzake karibu wote walitoka shule za ufundi, sayansi ya uhandisi wameisoma tangu kidato cha kwanza, wameshika vyuma, wamepima, wamevunja boriti kwenye karakana waone zinavunjikaje. Yeye alitoka hapa na fizikia ya kukariri, maabara yao ilikuwa stoo ya majembe. Mwalimu haanzi mwanzo, anaanzia walipofika wale wengine. "Jaribio la kwanza ilikuwa ngazi imeegemezwa ukutani, mtu kapanda juu, tafuta nguvu za pale chini ngazi inapokanyaga. Wenzangu wamemaliza, mimi bado nachora ngazi. Mishale yangu yote ikaelekea kusiko. Mwalimu akaonyesha darasa karatasi yangu, wakacheka. Sasa nimekuwa wa mwisho."

"Wa mwisho?" Kandida aliuliza.

"Wa mwisho, mama mkubwa."

"Wa mwisho kabisa? Darasa zima?"

"Darasa zima."

Tusimsingizie Kandida kwamba alimwonea huruma. Furaha ilimpanda toka miguuni mpaka ikamlazimu kuinama aokote kikapu cha mbegu asionekane uso. Mama Injinia! Wa mwisho darasa zima! Alitamani amwombe kijana arudie mara ya tatu.

"Mkuu wa shule ananihurumia," Fidelis aliendelea. "Anasema mzazi akitoa ridhaa kabla ya wiki ya kufungua kwisha, atanihamishia shule ya jirani, nisome historia na jiografia. Wiki hiyo ikipita basi tena, nabaki na uhandisi mpaka mtihani wa taifa, na nitafeli. Mwalimu wa historia ananitaka sana. Anasema kwa hayo masomo chuo kikuu nitafika, hana wasiwasi. Baba ndiye namwogopa. Nilisema kichwa ili anionee huruma aniondoe mwenyewe. Sikujua mtafika kwenye wembe. Mama mkubwa, niongelee kwa baba. Wewe anakuheshimu."

"Niachie mimi," Kandida alisema.

Na alipolisema hilo alilimaanisha, Mungu ni shahidi wake. Kijana akamshika mikono yenye tope akalia, naye akamwambia nyamaza, kesho yataisha. Angesimama mbele ya kikao aseme neno moja tu, na Tekla angetamani ardhi ipasuke immeze. Yeye angebaki na funguo zake na komunyo yake na jina lake. Alirudi nyumbani amebeba jembe begani, anatembea haraka kama msichana.

Alipokaribia nyumba za kwanza za Lipangalala ndipo mwendo ukapungua. Chuo kikuu. Neno hilo alikuwa amelisikia shambani bila kulisikia vizuri, na sasa lilimrudia. Kijana akihamishwa atafaulu. Atakuwa mwanasheria, au mkuu wa wilaya, atakuja na gari jeupe litakaloegeshwa uwanjani, mbele ya mlango wake yeye Kandida. Tekla ataona haya wiki moja, mwezi labda, halafu Bibiana atamtafutia jina jingine refu zaidi la kumwitia pale bombani. Na Beatus atakuwa chini ya turubai lake na gundi vidoleni. Kwa hiyo atakayemsaidia Tekla ni nani? Ni yeye, kwa mdomo wake mwenyewe!

Lakini je, akinyamaza? Akinyolewa, wote wataamini Fidelis kapona. Kijana hatakuwa tena na kichwa cha kusingizia. Atarudi kwenye mishale yake, na wiki ile itapita.

Alilala na wazo hilo, akaamka nalo. Alijaribu kusali rozari, akajikuta anahesabu tu punje.

Alhamisi jioni walikaa vilevile. Fidelis alikaa pembeni karibu na Beatus, amevaa shati safi, anamtazama mama yake mkubwa kwa macho ya matumaini kiasi kwamba Kandida ilibidi ageuze kiti kidogo.

"Kabla shemeji hajajibu," Kelestini alisema, "mimi nataka ieleweke. Kuna wanaosema pembeni kwamba huyu kijana anajisingizia, kwamba shule imemshinda. Haki ya Mungu, ningejua mwanangu ananidanganya hivyo, ningemvunja mguu, na asingeiona shule yoyote tena. Angebeba zege na mimi. Lakini najua mwanangu ana akili. Haya, shemeji."

Kandida akasimama. Akajifunga kanga vizuri.

"Nimefikiri," alisema. "Mtoto wa Tekla ni mtoto wangu. Kama kunyolewa kwangu ndiko kutampa nafuu arudi shule asome hiyo sayansi ya uhandisi yake, basi nitavuka mto. Funguo za kanisa nitazirudisha mwenyewe."

Mzee Raimundi alivua kofia. Fulgensi akamtazama mkewe kana kwamba hajapata kumwona. Halafu Tekla akainuka, akavuka ule uwanja, akamwangukia miguuni.

"Dada, nisamehe. Dada, moyo kama wako mimi sina."

"Inuka, mdogo wangu," Kandida alisema, akimpapasa mgongo. "Haya ni ya familia."

Hakuthubutu kumtazama Fidelis. Alisikia tu kiti chake kinasogea na hatua zake zinaelekea nyuma ya nyumba.

Ijumaa walivuka kwa pantoni, mto umeanza kujaa na maji yamekuwa ya udongo. Kwa Hermenegildi walikuta watu wengine wanasubiri kwenye mabenchi, wenye kesi zao, hawatazamani. Mnyoaji mwenyewe alikuwa mtu mchangamfu aliyeuliza habari za bei ya mchele huku anawapaka maji. Alimnyoa Tekla kwanza, akafuata Kandida, akamalizia na Fidelis. Wembe ulikuwa butu kwa Kandida, ukamkwaruza nyuma ya sikio. Wakanyweshwa dawa chungu kwenye kikombe kimoja, wakaambiwa washikane mikono.

"Sasa kijana huyu hana kitu," Hermenegildi akamwambia Kelestini. "Nimemaliza. Akisema tena kichwa, ujue ni uvivu, mchape."

"Umesikia?" Kelestini akamuuliza mwanawe.

"Nimesikia, baba."

Wakati wa kurudi, kwenye pantoni, Fidelis alisimama karibu na Kandida kwenye chuma cha ukingoni. Aliachama kama anataka kuuliza, kisha akaona baba yake anasogea, akafunga mdomo. Kandida alitazama maji. Upepo ulimpiga utosini, mahali ambapo upepo haukuwahi kumgusa tangu utoto.

Jumapili hakwenda mbele kupokea komunyo. Alikaa benchi la nyuma na kitambaa kichwani, akaona mwanamke mwingine anafungua kabati la vitambaa vya altare, anakosea ufunguo, anajaribu tena. Lilimuuma hilo. Liliuma kuliko alivyotegemea, na alijiambia kwamba kila kitu kina gharama yake, avumilie tu.

Jumatatu familia nzima ilikwenda stesheni. Beatus alilifunga sanduku la mwenzake kwenye karia ya baiskeli, akausukuma mzigo mpaka huko bila kulalamika, na ule ubao wa kuchorea Kelestini aliubeba mwenyewe kifuani ili kila mtu auone. Tekla alikuwa amekaanga kuku. Wanawake wa mtaa waliokuja walimsalimu Kandida kwanza, wakampa mkono, wakamwambia pole na hongera kwa pamoja. Bibiana alimbusu.

Treni ilikuja imechelewa, watu wakagombania milango. Fidelis alipata dirisha. Akaaga baba, akaaga mama, akampiga Beatus ngumi ya begani. Halafu akaita, "Mama mkubwa, sogea kidogo."

Kandida akasogea. Kijana aliinama nje ya dirisha, upara wake unang'aa, akasema kwa sauti ya chini.

"Siku ile nilikukasirikia. Nililia. Halafu nikafikiri. Baba alisema atanivunja mguu, asinipeleke shule yoyote, na wewe ndiyo ulikuwa unajiandaa kusema. Ukaona bora wakuite mchawi wewe kuliko mimi nivunjwe. Ukaacha mpaka komunyo. Mama yangu mzazi asingefanya hivyo." Akamshika mkono. "Sina la kukulipa. Nitajitahidi na hilo somo. Ninajua halinipendi, lakini nitajitahidi kwa ajili yako."

"Fide," Kandida alisema.

"Naam, mama mkubwa."

Treni ikashtuka, mabehewa yakagongana, na mkono wa kijana ukamponyoka. Kandida alibaki amesimama pale mpaka behewa la mwisho lilipopita, na alipogeuka machozi yalikuwa yanamtiririka waziwazi, bila kanga, bila kujificha. Watu walimpisha. Aibu ilikuwa imemshika, aibu ya kweli, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa saba hakuwa na wivu hata chembe. Alitaka kitu kimoja tu, kumwokoa mtoto yule. Na nafasi ilikuwapo. Wiki ya kufungua ndiyo kwanza ilikuwa inaanza. Kelestini angeweza kupanda treni ijayo, akafika kwa mkuu wa shule, akatoa ridhaa. Lingehitajika neno moja tu, sasa hivi, hapa njiani, na hasira za Kelestini zingeishia kwake yeye, kwani mguu wa Fidelis ulikuwa umeshakwenda mbali.

Waliondoka stesheni kwa miguu, Kelestini mbele, Tekla amemshika Kandida mkono, Beatus nyuma anaburuza baiskeli tupu. Kandida alivuta pumzi.

"Shemeji," aliita. "Nina neno."

Kelestini akasimama, akageuka, uso wake umejaa furaha na shukrani. "Hata mimi ninalo, shemeji, ngoja nianze mimi, maana tangu juzi nalitafutia nafasi. Hili ulilotutendea hatutalisahau. Nimeongea na Fide usiku, amenikubalia. Akishamaliza, akishafungua kampuni yake ya ujenzi, mtu wa kwanza kuandikwa kazi ni Beatus." Akampiga Beatus begani. "Tutamweka getini. Mlinzi. Sare ya kampuni, viatu, filimbi. Awe anamfungulia mwenzake gari linapoingia. Atakuwa na uhakika wa maisha, si hii kuziba pancha."

"Asante, baba mdogo," Beatus alisema, na alicheka kwa furaha kabisa, akajaribu hata kupiga saluti.

Tekla aliubana mkono wa Kandida. "Ameen, dada. Watoto wetu watasaidiana."

Kandida alimtazama mwanawe aliyesimama katikati ya barabara na mkono kwenye paji la uso.

"Haya, shemeji," Kelestini akasema. "Na wewe ulikuwa na neno gani?"

"Hamna, shemeji," Kandida alisema. "Nilitaka kusema tuharakishe. Jua linanichoma kichwa."